Yoga asubuhi, kamera mchana, hisani jioni: hivyo ndivyo mwanamitindo anavyoishi?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 19 na nimesajiliwa na wakala hivi karibuni. Wanamitindo ninaowafuatilia mtandaoni wanaonyesha siku zinazofanana: asubuhi yoga, mchana kupigwa picha, jioni onyesho la mavazi la kuchangia wagonjwa au watoto. Mimi tangu nisajiliwe sijaona siku ya namna hiyo, nashinda nikisubiri simu. Sasa nimealikwa kutembea bure jukwaani kwenye onyesho la hisani, na mwenzangu ananiambia bila yoga sitadumu. Maisha ya kila siku ya kazi hii yakoje hasa? Nikubali huo mwaliko? Na yoga ni lazima?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kusubiri simu, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Nimekaa miaka mingi upande wa wakala, nikipanga ratiba za wanamitindo na kusoma mikataba yao kabla hawajatia saini, na hata yule ambaye uso wake umejaa kwenye mabango ana wiki ambazo kamera haimwoni kabisa. Wiki ya kawaida ina usaili mara mbili tatu, kupimwa nguo, safari, saluni, kufuatilia viza, na pengine siku moja au mbili za kazi yenye malipo. Hizo mbili ndizo anazozionyesha. Hakuna anayejipiga picha akiwa amekaa kwenye foleni ya usaili.

Hao unaowafuatilia hawakudanganyi. Tatizo ni kwamba wanakuonyesha vitu vitatu vyenye hesabu tatu tofauti, navyo kwenye simu vinaonekana kitu kimoja. Kupigwa picha ni biashara: unauza saa zako na ruhusa ya kutumia sura yako. Hisani ni sadaka: unatoa saa zilezile na sura ileile bila malipo. Yoga ni matunzo ya mwili na hakuna anayekulipa kwa hayo. Nimeona mabinti wengi wakichanganya hesabu hizi, wakaishia kuitolea sadaka kampuni tajiri huku wakiamini wanajijengea jina.

Kwanza usaili. Unaingia na kitabu chako cha picha, kadi yenye vipimo vyako, viatu vya kisigino na nguo nyeusi zisizo na mapambo. Unatembea kwenda na kurudi, unapigwa picha mbili tatu bila vipodozi, uso wa mbele na wa ubavuni, unaambiwa asante. Usihangaike kuichambua hiyo asante. Kila mtu anaambiwa hivyo, aliyepata na aliyekosa. Baadaye mteja anaweza kumwomba wakala akushikie tarehe fulani, na mteja mwingine akaiomba tarehe hiyohiyo akawekwa wa pili kwenye foleni, kisha wote wakaiachia usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ndiyo maana wengi wana kazi nyingine pembeni au wanasoma, na sioni aibu yoyote hapo. Mwenye pato lingine ndiye anayeweza kuukataa mkataba mbaya.

Siku ya picha ikipatikana, wakala anakutumia karatasi ya ratiba jioni yake: mahali, saa ya kufika, jina la mpiga picha, nani anashika nywele, nani vipodozi, picha ya kwanza ni saa ngapi. Isome yote. Ukitakiwa kufika saa 1 asubuhi, picha ya kwanza huenda ikawa saa 3, maana katikati hapo uko kwenye kiti cha vipodozi. Fika umenawa uso, nywele safi, kucha hazina rangi, na nguo za ndani ziwe za rangi ya ngozi yako, zisizo na mishono ya kuonekana. Suruali ya kubana iache nyumbani. Alama ya lastiki kiunoni huchukua muda kufutika, na nguo ya kwanza inaweza kuwa ya kuogelea.

Kinacholisha wanamitindo wengi ni picha za maduka ya mtandaoni, si majalada ya magazeti. Huko unavaa nguo baada ya nguo kutwa nzima, thelathini, hamsini, pengine zaidi. Nyuma yako ukuta mweupe, sakafuni kipande cha utepe kinachoonyesha pa kusimama, taa zimeshapangwa na hazitaguswa tena hadi jioni. Kila nguo inatakiwa kwa mbele, ubavuni, mgongoni, kisha kwa karibu. Gauni likiwa kubwa, stailisti, yaani mpangaji wa mavazi, analikusanya mgongoni na kulibana kwa vibanio, upande ambao kamera haiuoni. Ikifika zamu ya mgongo vibanio vinahamia mbele. Flashi ikilia unabadilisha kitu kimoja tu: uzito unahamia mguu wa nyuma, au kiwiko kinaachana na mbavu ili mshono wa kiuno uonekane, au kidole gumba kinaingia mfukoni ili mnunuzi ajue kuwa mfuko upo. Flashi nyingine, kidevu kinasogea mbele kidogo na kushuka. Mgeni wa kazi hubadilisha mwili mzima kila flashi ikilia, na mwisho wa siku mpiga picha anabaki na mamia ya picha ambazo nguo haionekani vizuri hata kwenye moja. Mzoefu anakumbuka kwamba kinachouzwa ni nguo. Ni kazi ya kuchosha miguu na kiuno, na hakuna atakayekupigia makofi, lakini mteja wa namna hii akikupenda atakuita tena na tena.

Picha za kurasa za mitindo magazetini ni habari nyingine. Zinavutia, zinapamba kitabu chako, ila malipo yake ni madogo au hayapo. Zichukue chache kwa makusudi. Na usishangae ukivalishwa koti zito kwenye jua kali au kitambaa chepesi kwenye upepo wa baridi, kwani picha hutangulia msimu kwa miezi kadhaa.

Sasa mkataba, na hapa nakuomba usinikimbie. Bei ya siku ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni matumizi: picha zitaonekana wapi, nchi zipi, kwa muda gani. Picha ya kukaa kwenye tovuti miezi 6 hailingani na bango la barabarani la miaka 2. Ukikuta maneno yenye maana ya “kwa matumizi yote, milele”, msimamishe wakala wako aeleze kabla hujashika kalamu, maana kampuni ya pili ya bidhaa za aina hiyohiyo inaweza kukukataa kwa sababu sura yako bado imekaa kwa ya kwanza. Siku hizi kuna jambo jipya: kampuni kutengeneza pacha wa kidijitali wa mwanamitindo, yaani nakala ya sura na umbo lake kwenye kompyuta, kwa akili mnemba. Mwaka 2025 kampuni ya mavazi ya H&M ilitangaza kutengeneza mapacha wa namna hiyo wa wanamitindo 30, ikieleza kwamba haki za pacha zinabaki kwa mwenye sura. Si kila kampuni itakuwa muungwana kiasi hicho. Ruhusa ya kupigwa picha na ruhusa ya kutengenezewa pacha ni ruhusa mbili, kila moja na maandishi yake na malipo yake.

Kwa kipimo cha kulinganishia, tazama sheria ya wafanyakazi wa mitindo ya jimbo la New York iliyoanza kutumika Juni 2025. Kamisheni ya wakala isizidi asilimia 20, mwanamitindo asidaiwe ada wala amana ili asajiliwe, na pacha wa kidijitali asitengenezwe bila idhini ya maandishi. Sheria hiyo ilipiganiwa kwa miaka na Model Alliance, chama kilichoanzishwa mwaka 2012 na mwanamitindo Sara Ziff. Huenda unakofanyia kazi haikuhusu, lakini inakupa picha ya mkataba wa haki. Wakala anayekudai pesa kabla hajakutafutia kazi, muage. Na uliza mapema gharama zipi utakatwa: tiketi, malazi, picha za majaribio. Kuna mabinti wanaofanya kazi msimu mzima, kisha karatasi ya hesabu inawaonyesha kwamba bado wanadaiwa.

Yoga. Jibu fupi ni kwamba si lazima. Jibu refu ni kwamba mwenzako ana hoja, ila huenda sababu zake si zile ninazozifikiria mimi.

Fikiria mwili wako baada ya siku ile ya nguo hamsini. Umesimama kwa muda wa saa nane juu ya kisigino, uzito umekaa mguu mmoja, kiuno kimepinda kidogo ili mapaja yaonekane marefu. Anayevaa visigino kila siku kwa muda mrefu misuli ya shavu la mguu humfupika, kiasi kwamba kukanyaga chini kwa kisigino kitupu kunamuuma. Pozi la mbwa anayetazama chini, mikono na miguu chini, nyonga juu, magoti yamelegea kidogo, linairefusha misuli hiyo polepole. Pozi la mlima, ambalo mtazamaji anaona umesimama tu, linakufundisha kugawa uzito sawa kwenye nyayo zote mbili, na pozi la mti linaimarisha kifundo cha mguu unachokitegemea jukwaani. Ukiniuliza mimi, hata hivyo, faida kubwa ni pumzi. Anayeshikilia pumzi mbele ya kamera hukaza shingo na taya, na picha inaonyesha. Anayezoea kuitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, uso wake hulegea bila kuambiwa.

Haya yanatosha kwa dakika ishirini hadi thelathini chumbani, sakafuni. Si lazima iwe yoga. Pilates, kuogelea, kutembea na mazoezi ya kunyanyua uzito vyote vina kazi yake. Tena kama wewe ni wale wenye viungo laini sana, wanaojikunja bila shida, yoga ya kujinyoosha kupita kiasi inaweza kukuumiza zaidi kuliko kukusaidia. Wewe unahitaji nguvu ya kuvishika viungo mahali pake. Na usijaribu pozi jipya la kichwa chini eti kwa sababu ya picha ya mtandaoni, wiki ambayo una kazi Jumatano. Mkono ukiteguka hakuna atakayekulipa.

Ninachokataa kabisa ni yoga kugeuzwa jina la heshima la kujinyima chakula. Yoga ya chumba cha joto inakutoa maji, na yale maji yanarudi ukinywa. Mafuta ya mwili hayajaguswa. Kunyimwa maji kabla ya picha za nguo za kuogelea ni hatari, atakayekushauri hivyo hakutakii mema hata awe na jina kubwa kiasi gani. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na huna mimba, nenda kwa daktari, kwani mwili unaokosa chakula cha kutosha hupunguza homoni na mifupa nayo hudhoofika, hata kwa binti wa miaka 19. Sekta yenyewe imelazimika kulikubali hili. Ufaransa tangu mwaka 2017 inamtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na picha za biashara ambazo umbo la mwili limebadilishwa kwa kompyuta lazima ziandikwe kwamba zimefanyiwa marekebisho. Mwaka huohuo makampuni makubwa ya mitindo ya kifahari, LVMH na Kering, yalikubaliana kuacha kutumia walio chini ya miaka 16 kuonyesha nguo za watu wazima, na kuiondoa saizi 32 ya Kifaransa, ambayo ni ndogo mno, kwenye mahitaji yao ya wanawake. Kwa hiyo ukiambiwa upungue ili uingie kwenye nguo, una pa kuegemea unaposema hapana.

Tuje kwenye mwaliko wako.

Mitindo ya hisani si jambo la juzi wala si usanii mtupu. Mwaka 1994 wabunifu wa Marekani kupitia chama chao, CFDA, walianzisha kampeni ya Fashion Targets Breast Cancer dhidi ya saratani ya matiti. Tangu mwaka 2003, gauni jekundu limekuwa likipanda jukwaani New York kuwakumbusha wanawake kuhusu maradhi ya moyo. Na wapo wanamitindo walioifanya hisani kuwa kazi yao ya pili kwa dhati. Waris Dirie, mzaliwa wa Somalia, aliteuliwa balozi maalumu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1997 dhidi ya ukeketaji, jambo lililompata yeye mwenyewe utotoni, na mwaka 2002 akaanzisha taasisi yake. Liya Kebede wa Ethiopia aliteuliwa balozi wa Shirika la Afya Duniani kwa afya ya mama na mtoto mwaka 2005. Christy Turlington, ambaye pia anajulikana sana kwa yoga, alivuja damu nyingi baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mwaka 2010 akaanzisha Every Mother Counts kwa ajili ya usalama wa wajawazito. Ukiwaangalia hawa watatu, kila mmoja alishika jambo moja akadumu nalo. Hawakupokea kila mwaliko wenye neno hisani.

Upande wa pili nao upo. Fashion for Relief, iliyoanzishwa na mwanamitindo Naomi Campbell mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina, ilifanya maonyesho makubwa yaliyojaa nyota. Mwaka 2024 tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales ilitoa ripoti kwamba kati ya Aprili 2016 na Julai 2022, asilimia 8.5 tu ya matumizi yote ya shirika hilo ndiyo iliyokwenda kama misaada. Naomi alizuiwa kuwa mdhamini, yaani msimamizi, wa shirika la hisani kwa miaka 5. Mwenyewe amesema hakuwa ndiye anayeliendesha, na ameupinga uamuzi huo. Sisemi haya ili nimhukumu. Nakuonyesha kwamba ukumbi mzuri, watu maarufu na machozi jukwaani havikuambii pesa zimekwenda wapi.

Mimi huwa natazama jambo moja kabla ya yote: nani mwingine anajitolea? Mwenye ukumbi akilipwa, wa taa akilipwa, mshereheshaji akilipwa, mpiga picha akilipwa, na wanamitindo peke yao ndio wanaoambiwa “ni kwa ajili ya watoto”, basi hapo hisani inafanywa kwa migongo yenu. Mara nyingi mabinti kumi na tano wanatoa siku mbili kila mmoja, ya mazoezi na ya onyesho, na mchango huo hautajwi hata kwenye karatasi ya shukrani. Waandaaji wa kweli hawaoni tabu kueleza. Wana jina la shirika litakalopokea, wana mtu wa shirika hilo unayeweza kumpigia, na wanajua ni kiasi gani cha mapato ya tiketi kitabaki baada ya gharama.

Kisha kuna mambo madogo ambayo usiku ukifika si madogo tena. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na pazia au mlango, na wapiga picha wasiingie. Usafiri wa kurudi usiku uwe umepangwa. Chakula na maji viwepo, maana mtafika mchana na kutembea saa 3 usiku. Na picha: hisani ni ya usiku mmoja, ila mfadhili wa onyesho mwenye kampuni ya vipodozi akizitumia picha zako mwaka mzima kutangaza bidhaa zake, hilo ni tangazo, nalo lina bei yake. Waandike kwamba picha ni za kutangaza onyesho na shirika tu.

Mwisho, zungumza na wakala wako kabla hujajibu, kwani mikataba mingi haikuruhusu kupanda jukwaani bila yeye kujua, hata bure. Binafsi ningependa ukubali, ikiwa majibu yao ni mazuri. Kwa anayeanza, jukwaa la moja kwa moja mbele ya watu linafundisha mambo ambayo chumba cha mazoezi hakiwezi: taa za usoni, muziki unaobadilika ghafla, viatu visivyo saizi yako, dakika moja ya kubadilisha nguo. Ila usikubali zaidi ya moja au mbili kwa mwaka, na uchague jambo linalokugusa.

Waandikie hivi, unaweza kuunakili kama ulivyo: “Asanteni kwa mwaliko. Ningependa kushiriki. Kabla sijathibitisha, naomba kujua: shirika litakalopokea michango ni lipi, na nani wa kuwasiliana naye huko? Baada ya gharama, kiasi gani cha mapato kitawafikia? Washiriki wengine wa maandalizi wanajitolea au wanalipwa? Picha za usiku huo zitatumika wapi na kwa muda gani? Usafiri wa kurudi umepangwaje? Wakala wangu amewekwa kwenye nakala.”

Wape siku chache. Wakijibu swali la pili kwa tarakimu, thibitisha na uanze kuvivaa viatu hivyo nyumbani. Wakikujibu kwa kukutumia orodha ya watu maarufu watakaohudhuria, mwambie wakala wako awajibu kwamba siku hiyo umeshikwa.